Kusahihisha Si Kufundisha: Mwalimu wa Kiswahili Katika Ofisi ya Mawakili

Utangulizi

Wanafunzi wetu wa mwaka wa mwisho huuliza swali lile lile kila mwaka: ukiacha ualimu, utangazaji na ukalimani, shahada ya Kiswahili inampeleka mtu wapi? Makala haya yanaeleza kazi moja ambayo haitajwi sana madarasani, yaani kazi ya kuwaendeleza mawakili ndani ya ofisi zao. Mfano wetu mkuu utatoka Gatumba, kwa sababu wengi wetu tunapafahamu.

Kazi yenyewe ni ipi?

Ofisi kubwa za mawakili za Marekani na Uingereza huajiri watu ambao hawaendi mahakamani kabisa. Kazi yao ni kumpokea wakili mpya, kupanga ujuzi anaopaswa kuwa nao mwaka wa kwanza, wa pili na wa tatu, kusimamia jinsi wakubwa wanavyompa maoni, na kumsaidia asikate tamaa. Marekani kuna chama cha NALP, kilichoanzishwa mwaka 1971, ambacho huwakutanisha wanaoshughulikia ajira na maendeleo ya wanasheria.

Afrika Mashariki ina vyuo vya kumwandaa wakili. Kenya School of Law ilianzishwa mwaka 1963, na Law Development Centre ya Kampala mwaka 1970. Tanzania ilitunga sheria ya kuanzisha Law School of Tanzania mwaka 2007, na Rwanda ina chuo cha ILPD mjini Nyanza. Nchini Kenya, wakili hutakiwa pia kukusanya pointi 5 za mafunzo endelevu kila mwaka ili aweze kupata cheti cha kuendelea na kazi. Hata hivyo, vyuo hivi humfikisha wakili mlangoni mwa ofisi tu. Akishaingia, mara nyingi huachwa mikononi mwa mkubwa mwenye kesi nyingi na muda mchache.

Tutofautishe majina matatu, kwani watu huyachanganya. Mkufunzi hufundisha somo lililopangwa. Mlezi ni mtu wa fani hiyo hiyo anayempa mdogo wake uzoefu wake. Kocha, neno tulilolizoea katika kandanda, humwuliza mtu maswali mpaka mwenyewe aone tatizo lake na njia ya kulitatua. Mwalimu wa Kiswahili hawezi kuwa mlezi wa wakili, kwa kuwa hajawahi kutetea kesi. Anaweza kuwa mkufunzi, na akijifunza zaidi anaweza kuwa kocha.

Mfano wa barua ya Gatumba

Gatumba iko kwenye barabara ya kutoka Bujumbura kuelekea Uvira. Hapo Kirundi, Kifaransa, Kiswahili cha Bujumbura na Kiswahili cha Kongo hukutana katika soko moja. Mteja humwita wakili wake "avoka", na ofisi yake "kabine". Huja na mambo ya mkopo, ya mzigo uliopotea, au ya kiwanja kilichomezwa na maji, hasa tangu mafuriko ya mto Rusizi ya mwaka 2020. Wakili wake amesomea sheria kwa Kifaransa, lakini mteja anataka kuelezwa kwa Kiswahili.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mfanyabiashara ameshindwa katika kesi ya deni. Wakili kijana anamwandikia: "Mahakama imekutia hatiani, unatakiwa kulipa." Neno "hatia" ni la kesi ya jinai. Mteja analisoma na kuona jela mbele yake. Anazima simu, anajificha kwa ndugu zake. Siku za kukata rufaa zinapita moja baada ya nyingine, na huenda rufaa hiyo angeishinda. Ilitosha kuandika: "Mahakama imeamua ulipe deni. Hii si kesi ya kufungwa. Unaweza kukata rufaa kabla ya tarehe fulani."

Neno "dhamana" nalo lina mtego wake. Linaweza kuwa ahadi ya kumtoa mtu rumande, au mali iliyowekwa ili mkopo utolewe. Mteja akiambiwa "dhamana yako imekataliwa", hawezi kujua kama kilichokataliwa ni nyumba yake au uhuru wa ndugu yake.

Sasa tazama yanayotokea ofisini. Mkubwa anaiona barua, anaikata kwa kalamu, anaiandika upya, anaituma. Barua imepona, lakini kijana hakujifunza lolote. Wiki ijayo atarudia. Sisi walimu tunalijua jambo hili vizuri, maana ndilo la daftari lililojaa wino mwekundu ambalo mwanafunzi hulifunga bila kulisoma. Kocha angemwuliza kijana yule: Barua hii inasomwa na nani? Akifika neno hili ataelewa nini? Unataka afanye nini kesho asubuhi? Majibu yakitoka kwake mwenyewe, atayakumbuka katika barua inayofuata.

Kwa nini sasa?

Burundi iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka 2022. Mwaka 2021, wakuu wa nchi za Jumuiya walikubali Kiswahili na Kifaransa viwe lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Mwaka huo huo Tanzania ilibadili sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama, huku ikiacha nafasi ya kutumia Kiingereza pale haki inapohitaji hivyo. Kwa hiyo wakili wa Bujumbura mwenye mteja anayefanya biashara Kigoma atazidi kukutana na hati za Kiswahili.

Hatua za kujenga kazi hii

1. Jifunze jinsi kesi inavyokwenda. Huhitaji kuwa wakili, lakini lazima ujue tofauti ya madai na jinai, ya mdaiwa na mshtakiwa, ya hukumu na amri. Hudhuria mahakama za wazi, ukae nyuma, uandike maneno unayoyasikia. Daftari hilo litakuwa mtaji wako wa kwanza.

2. Pata mafunzo ya ukocha yanayotambulika. Shirika la International Coaching Federation, lililoanzishwa mwaka 1995, lina ngazi tatu. Ngazi ya kwanza inahitaji mafunzo ya saa 60 na mazoezi ya saa 100 na watu halisi. Ngazi ya pili inahitaji saa 125 za mafunzo na 500 za mazoezi.

3. Anza na kazi ndogo. Ofisi nyingi za kwetu ni ndogo na haziwezi kuajiri mtu wa kudumu kwa ajili hii. Omba nusu siku na ofisi moja, kwa somo moja: kumwandikia mteja barua ya Kiswahili. Tumia barua zao wenyewe, zikiwa zimeondolewa majina.

4. Weka ushahidi. Linganisha barua za kabla na za baada ya miezi mitatu. Hesabu ni wateja wangapi walirudi kuuliza barua ilimaanisha nini. Wenye ofisi hufikiria saa na fedha. Waonyeshe saa walizookoa.

5. Panua. Baada ya barua njoo kwenye mazungumzo na mteja, kisha namna wakubwa wanavyotoa maoni, kisha mpango wa ujuzi wa mwaka mzima. Hapo umeshatoka katika ualimu wa lugha na kuingia katika kuendeleza vipaji.

Tahadhari mbili

Kwanza ni siri. Yote utakayoyaona ofisini ni ya mteja. Weka ahadi hiyo kwa maandishi kabla ya kufungua jalada lolote. Kijana unayemfundisha naye ana siri zake: anayekulipa ni mkubwa wake, kwa hiyo kubalianeni nyote watatu, tangu mwanzo, ni yapi yatakayofika kwa mkubwa na yapi hayatafika. Bila hivyo kijana hatakuambia ukweli, na kazi yako itakuwa bure.

Pili, usitoe ushauri wa sheria. Ukiulizwa kama rufaa ikatwe, jibu ni la wakili. Kazi yako ni kuhakikisha kwamba jibu hilo, likishatolewa, linaeleweka.

Hitimisho

Idara zetu zinaweza kusaidia kwa kuweka somo la Kiswahili cha sheria na kuwapeleka wanafunzi wachache kufanya mazoezi katika ofisi za mawakili kama tunavyowapeleka mashuleni. Mwanafunzi anayeweza kumweleza mwenzake kosa lake bila kumwaibisha, na akahakikisha halirudiwi, ana ujuzi ambao ofisi hizo zinauhitaji. Walimu wanaokusanya istilahi za mahakamani kutoka Bujumbura, Uvira na Kigoma wanakaribishwa kutuletea, ili tuzilinganishe katika matoleo yajayo.