Shangazi wa Uongo

Twapenda kueleza habari za mchezo wa Kiingereza uitwao Charley's Aunt, yaani Shangazi wa Charley. Mtungaji wake ni Brandon Thomas. Ulichezwa kwanza mwaka 1892, na huko London ukarudiwa mara 1,466 mfululizo.

Vijana wawili wa Oxford, Jack na Charley, walitaka kuwaposa mabinti wawili. Kwa desturi ya siku zile haikufaa binti kuingia chumbani mwa vijana pasipo mama mtu mzima kuwapo. Sisi wa Sepuka hatuoni ajabu, kwa maana shangazi ana heshima yake katika mambo ya posa. Basi walimngojea shangazi wa Charley, mjane tajiri atokaye Brazili. Ikaja simu kwamba atachelewa. Ndipo wakamvika rafiki yao mavazi ya kike, naye akawa shangazi!

Siri ya kichekesho i hapo. Sisi watazamaji twajua, wageni hawajui. Kwa hiyo kila neno lina maana mbili. Na uongo huzaa uongo: Bwana Spettigue, mlezi wa mabinti, akitamani mali ya mjane, amposa mwanamume mwenziwe. Kisha shangazi wa kweli afika, asikia jina lake linatumiwa na mwingine, anyamaza kimya, atazama.

Mchezo huu uligeuzwa kuwa sinema mara nyingi. Mwaka 1925 aliucheza Sydney Chaplin, nduguye Charlie Chaplin, katika picha zisizosema. Mwaka 1941 aliucheza Jack Benny huko Marekani. Jukwaani twawaona wote pamoja, mdanganyi na mdanganywa. Katika sinema kamera hutuchagulia uso wa kutazama. Na katika picha zisizosema, maneno yenye maana mbili yalipungua, kazi ikawa ya gauni, macho na miguu. Hata asiyejua Kiingereza aliweza kucheka.

Mwishoni Spettigue aandika barua ya kukubali ndoa, ampelekea shangazi. Lakini Charley hawezi tena kuuchukua uongo ule. Aungama mbele ya wote. Rafiki yake yu karibu kuirudisha barua, ndipo mjane wa kweli ajitambulisha na kuitwaa, kwa kuwa imeandikiwa jina lake.

Tuangalie jambo hili: hila iliipata barua, lakini haikuweza kuitumia. Vijana walipata wachumba baada ya kukubali aibu ya kusema kweli. Njia ya mwongo ni fupi, hata penye kicheko.