Mfungaji Aliyegeuka Mwalimu

Reli ya Bukama yafika hadi Lubumbashi, mji wa timu ya TP Mazembe. Mwaka 2010 timu hiyo ilikabidhiwa Lamine N'Diaye wa Senegali, aliyekuwa zamani mshambuliaji wa Cannes na Mulhouse nchini Ufaransa. Awali alikuwa amefundisha Coton Sport ya Kameruni. Sasa Mazembe ikaifunga Espérance ya Tunisia 5–0 mjini Lubumbashi, ikatwaa kombe. Desemba 14, huko Abu Dhabi, Kabangu na Kaluyituka wakaifunga Internacional ya Brazili, 2–0. Inter Milan ikawashinda katika fainali, 3–0. Lakini hakuna timu ya Afrika iliyopata kufika hapo kabla yao. Mfungaji hujipatia sifa kwa mguu wake; mwalimu huipata kwa miguu ya vijana wake.