Matabaka ya Nguo na Hofu ya Nimonia: Kumvika Mtoto Jijini Nairobi

Jiji la Nairobi limejengwa katika kimo cha takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, karibu sana na ikweta. Mambo hayo mawili ndiyo yanayolipa jiji tabia yake: jua la mchana ni kali, lakini joto lake halikai, na usiku ukiingia hutoweka upesi. Mwezi wa Julai, wakati wa kipupwe, asubuhi huwa na nyuzi 11 au 12 za Selsiasi, mawingu hutanda hadi adhuhuri, na mchana hufikia nyuzi 21 au 22. Wengi hudhani kwamba huo ndio msimu wenye mabadiliko makubwa zaidi. Sivyo. Januari na Februari, anga likiwa jeupe, asubuhi huweza kuwa na nyuzi 13 na alasiri ya siku hiyohiyo ikafikia nyuzi 27. Mtoto anayetoka nyumbani alfajiri kwenda chekechea hupitia majira mawili kabla ya kurudi.

Wazazi wengi hukabiliana na hali hiyo kwa njia moja: kumfunika mtoto sana na kumwacha hivyo kutwa. Si ajabu kumwona mtoto mchanga ndani ya matatu saa saba mchana akiwa na fulana, masweta mawili, kofia ya sufu, soksi na blanketi zito, ilhali mama yake amekunja mikono ya blauzi kwa joto. Nyuma ya mazoea hayo ipo hofu ya nimonia. Hofu hiyo ina msingi, kwa kuwa nimonia ni miongoni mwa magonjwa yanayoua watoto wengi zaidi wa chini ya miaka 5 duniani. Kinachohitaji kuangaliwa upya ni silaha inayotumiwa kuikabili.

Nguo za kuvuliwa

Kinachomhifadhia mtoto joto si uzito wa nguo, bali hewa iliyotulia baina ya nguo na nguo. Ndiyo maana nguo mbili nyepesi huweza kufanya kazi ya nzito moja, tena zina fadhila ya ziada: moja yaweza kuvuliwa. Tabaka la ndani liwe la pamba laini. La kati, yaani sweta, ndilo linaloshika hewa. La nje, jaketi jepesi, kazi yake ni kuzuia upepo na manyunyu. Jasho likilowesha tabaka la ndani, mpango wote huharibika, kwa sababu maji hupitisha joto takriban mara 25 zaidi ya hewa. Mtoto aliyefunikwa mno mchana hutoka jasho. Upepo wa jioni ukimkuta na fulana mbichi, hupatwa na baridi ileile aliyokuwa akikingwa nayo.

Mtoto mchanga anastahili uangalifu wa pekee. Ngozi yake ina eneo kubwa likilinganishwa na uzito wake, kichwa peke yake huchukua karibu moja ya tano ya eneo hilo, na hawezi kutetemeka vizuri ili kuzalisha joto. Kanuni ya kawaida ni kumwongezea tabaka moja au mawili zaidi ya anayovaa mtu mzima aliyeridhika na hali ya mahali palepale. Aliyebebwa kwa mbeleko hupokea pia joto la mwili wa mama, nalo lihesabiwe kuwa tabaka. Pua na mdomo viachwe wazi. Usiku, kumvika nguo moja ya kutosha ni salama kuliko kumrundikia mablanketi, kwa kuwa joto la kupita kiasi usingizini limehusishwa na vifo vya ghafla vya watoto wachanga.

Viganja na nyayo si kipimo, kwani huwa baridi hata kwa mtoto aliye salama. Mlezi aguse kifua au nyuma ya shingo. Pakiwa na unyevu wa jasho, tabaka moja liondolewe. Pakiwa baridi, liongezwe. Mtoto hawezi kulifanya hilo mwenyewe, hivyo yaya na mwalimu wa chekechea waelezwe waziwazi kwamba sweta la asubuhi si la kutwa.

Mlango na lango

Nimonia husababishwa na viini: bakteria, virusi, na mara chache kuvu. Sweta halizuii kiini. Magonjwa ya kifua huongezeka wakati wa kipupwe kwa sehemu kubwa kwa sababu watu hujifungia pamoja: madirisha ya nyumba na ya matatu hufungwa, na kikohozi cha mmoja huwa cha wote. Jiko la makaa nalo huingizwa chumbani. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, moshi wa ndani ya nyumba hukaribia kuongeza maradufu uwezekano wa mtoto kupata nimonia. Hata makaa yaliyoiva yasiyofuka moshi hutoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, inayoweza kuua familia nzima usingizini. Mzazi anayemvika mtoto masweta matatu kisha akamlaza kando ya jiko amefunga mlango na kuacha lango wazi.

Kinga zenye nguvu zaidi hazishonwi. Ni maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya mwanzo, mikono iliyonawiwa kwa sabuni, dirisha linalofunguliwa kila siku, na chanjo dhidi ya bakteria ya nyumokokasi, ambayo Kenya imekuwa ikiitoa tangu mwaka 2011 kwa watoto wa wiki 6, 10 na 14.

Kifua kilichofichwa

Mtoto akikohoa, mazoea humwongezea nguo. Akiwa na homa, hufunikwa zaidi, na joto linalotafuta njia ya kutoka hukosa njia. Lakini madhara makubwa ni mengine: dalili kuu za nimonia huonekana kifuani, na kifua kimefichwa. Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua.

Mtoto akiwa ametulia, halii wala hanyonyi, nguo zifunguliwe na pumzi zihesabiwe kwa dakika moja kamili. Pumzi 60 au zaidi kwa mtoto wa chini ya miezi 2, 50 au zaidi kwa wa miezi 2 hadi 11, na 40 au zaidi kwa wa mwaka 1 hadi 5, ni sababu ya kumpeleka kituo cha afya siku hiyohiyo. Sehemu ya chini ya kifua ikibonyea ndani anapovuta pumzi, akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akipata degedege, au akilegea kiasi cha kutoamka vizuri, asisubiriwe hata saa moja. Vivyo hivyo kwa mtoto wa chini ya miezi 2 ambaye mwili wake ni baridi na haupati joto hata akifunikwa: huyo haongezewi blanketi, hupelekwa hospitali akiwa amelazwa kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, nguo zikiwafunika wote wawili.