Picha za kichanga: Ubunifu usichezee shingo ya mtoto

Siku hizi mtoto hajafikisha arobaini, tayari mama ana picha kumi za kuiga kwenye simu: kichanga ndani ya kapu, kichanga mwenye mabawa, kichanga aliyeegemeza kidevu kwenye viganja kama mzee anayewaza. Anamwonyesha mpiga picha na kusema, "Nataka kama hii."

Hiyo ya mwisho iangalie vizuri, mzazi. Hakuna kichanga anayeweza kukaa hivyo peke yake. Kichwa chake ni kizito, na shingo huchukua takriban miezi mitatu hadi minne kukaza. Wapiga picha waliosomea kazi hiyo hupiga picha mbili: moja mtu mzima ameshika kichwa cha mtoto, nyingine ameshika mikono yake. Kisha huziunganisha kwenye kompyuta na kumfuta huyo mtu mzima. Anayeiga bila kujua humwacha mtoto bila wa kumshika.

Hatari si kuanguka tu. Njia ya hewa ya kichanga ni nyembamba na laini. Kidevu kikibanwa kifuani, hewa inaweza kupungua bila mtoto kutoa sauti. Halafu kuna baridi. Joto la kawaida la mtoto mchanga ni nyuzi 36.5 hadi 37.5, na akivuliwa nguo kwenye chumba chenye kiyoyozi hulipoteza haraka.

Basi wazo jipya litoke wapi? Litoke kwa mtoto mwenyewe. Ukimgusa kiganja kwa kidole, atakishika bila kufundishwa. Bibi aweke kidole chake hapo, kamera isogee karibu: mkono wenye mikunjo ya miaka na mkono wa siku tano. Kichanga pia huona vizuri zaidi kwa umbali wa sentimita 20 hadi 30, karibu sawa na kutoka kwenye titi hadi usoni mwa mama. Anaponyonya huku akimtazama mama yake, hapo ndipo pa kupiga.

Wazo jingine halihitaji studio. Chagua kanga moja ambayo jina lake lina maana kwenu. Kila mwezi, tarehe ileile, itandike kitandani karibu na dirisha, mlaze mtoto chali na usibanduke pembeni yake. Watoto wengi hufikisha uzito mara mbili ya ule wa kuzaliwa wakiwa na miezi mitano hivi, na mara tatu wakitimiza mwaka. Hesabu maua ya kanga kutoka kichwani hadi miguuni, utaona alivyorefuka.

Kama bado unataka studio, kabla ya kulipa uliza swali moja: nani atamshika mtoto wakati wa kupiga? Ukijibiwa "atatulia tu", mbebe mwanao mrudi nyumbani.