Bethidei Iwe Sikukuu? Jibu Limo Katika Likizo Yako

Siku hizi bethidei imekuwa jambo kubwa Pwani: keki, picha, hata kumwagiwa maji. Wapo wanaouliza kwa nini mfanyakazi asipumzike siku aliyozaliwa bila kukatwa mshahara.

Tuanze na kalenda. Katiba ya 2010, kifungu cha 9, inataja sikukuu tatu za kitaifa: Madaraka, Juni 1, Mashujaa, Oktoba 20, na Jamhuri, Desemba 12. Hakuna inayohusu kuzaliwa kwa kiongozi. Hata Kenyatta Dei ya zamani ilikumbusha kukamatwa kwake mwaka 1952. Tarehe aliyozaliwa Mzee haijulikani kwa hakika. Watanzania nao humkumbuka Mwalimu Nyerere Oktoba 14, siku aliyofariki mwaka 1999.

Mazazi yaliyomo kwenye orodha ya Kenya ni Krismasi. Maulidi, ambayo kila mwaka huijaza Lamu wageni, hayamo, ingawa Tanzania ni siku ya mapumziko. Ikiwa mazazi yanayokusanya umma mzima bado hayajapewa siku, bethidei ya mtu mmoja itapewa vipi? Sikukuu ni siku tunayopumzika pamoja, jamaa wakakutana. Ukipumzika peke yako wenzako wakiwa kazini, hiyo ni likizo.

Na likizo ni haki yako. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mfanyakazi angalau siku 21 za kazi kwa mwaka, kwa mshahara kamili, baada ya kutumika miezi 12 mfululizo. Siku hizo zaweza kugawanywa mkikubaliana na mwajiri. Basi hakuna kinachokuzuia kuomba moja iangukie bethidei yako.

Ila tahadhari kabla ya hatari. Sheria hiyo hiyo, kifungu cha 44, inahesabu kukosa kazini bila ruhusa wala sababu halali kuwa kosa linaloweza kukufutisha kazi papo hapo. "Nilikuwa na bethidei" si utetezi. Omba mapema, kwa maandishi, ungoje jibu, na uweke nakala.

Kwa maoni yetu, hatuhitaji sikukuu mpya. Wengi wetu hatujazimaliza hata zile siku 21. Tuzidai kwanza hizo. Anayependa kukata keki atapata nafasi, na asiyependa atapumzika siku anayoitaka.