Wanne Kisiwani: Mawazo ya Mchezaji wa Michezo ya Mtandaoni

Yako maswali mawili ambayo kila mtu mzima anayecheza michezo ya simu huulizwa na watu wa nyumbani mwake. La kwanza ni hili: "Utaacha lini?" La pili, ambalo ni gumu zaidi kulijibu, ni hili: "Hao unaozungumza nao usiku ni nani?" Mimi ni mkazi wa Buyenzi, hapa Bujumbura, mtu mwenye mke na watoto, na kwa miaka sita sasa nimekuwa nikiulizwa yote mawili. Nimeona si vibaya niyajibu hapa, maana najua kwamba katika kambi za askari na nyumba za polisi, kadhalika mitaani, wako wengi wanaoulizwa kama mimi, na wako wake na wazazi wengi zaidi wanaouliza.

Kwanza yafaa niueleze mchezo wenyewe, kwa faida ya wale ambao husikia tu kelele zake kutoka chumba cha pili. Nao ni PUBG Mobile, uliotolewa mwaka 2018. Watu mia moja, walioko katika nchi mbalimbali, huruka kutoka katika ndege kwa miamvuli wakashuka kisiwani, mikono mitupu. Huko hutafuta silaha, dawa na kofia za chuma ndani ya nyumba zilizohamwa. Kisha duara la usalama huanza kupungua kidogo kidogo, na kila abakiye nje yake hudhurika, hata mwishowe wote waliosalia hukutanishwa mahali padogo mfano wa kiwanja cha mpira. Anayebaki wa mwisho ndiye mshindi. Raundi moja huchukua kama nusu saa.

Mtu aweza kucheza peke yake, lakini utamu wa mchezo uko katika kikosi cha watu wanne wanaosikilizana kwa sauti. Mwenzako akipigwa, aghalabu hafi papo hapo. Huanguka akawa anatambaa, na unayo nafasi fupi ya kumfikia na kumwinua. Kazi hiyo huchukua kama sekunde kumi, na katika muda huo wewe mwenyewe huwezi kufyatua risasi. Waama, nimewajua watu kwa sekunde hizo kumi kuliko nilivyowajua wengine kwa miaka ya kukaa nao kibarazani.

Jirani yangu mmoja, askari aliyepata kutumikia Somalia katika ujumbe wa Umoja wa Afrika, alikaa kando yangu jioni moja akatazama raundi nzima bila kusema neno. Ilipokwisha akacheka. "Shemeji," akaniambia, "vita vyenu hivi vizuri sana. Mtu akifa anarudi sebuleni." Nami nakubaliana naye kabisa. Asidhani mtu yeyote kwamba kidole gumba juu ya kioo kinafundisha kazi ya askari. Hakuna njaa mle, hakuna kiu, wala hakuna barua ya kupelekwa kwa mjane. Lakini yule jirani aliongeza jambo moja kabla ya kuondoka: "Ila yule wa pili, aliyerudi kumwinua mwenzake, huyo ningemchukua katika kikosi changu."

Yule wa pili ndiye kijana wa Goma, ambaye habari zake zitakuja.

Michezo ya namna hii si mipya kama vijana wanavyodhani. Mwaka 1978, katika Chuo Kikuu cha Essex huko Uingereza, wanafunzi wawili, Roy Trubshaw na Richard Bartle, walianza kutengeneza mchezo ambamo watu kadhaa waliweza kuingia katika nchi moja ya kubuni na kukutana humo. Haukuwa na picha hata moja. Yote yalikuwa maandishi. Tangu hapo kilichozidi ni rangi, kelele na idadi ya watu. Kiini hakikubadilika: mtu usiyemwona yuko pale kweli, naye anakungoja.

Nasi wa Bujumbura twangojwa zaidi kuliko wengine. Nchi yetu haina bahari. Kidole changu kinapogusa kioo, habari hiyo hutoka hapa ikapita katika nyaya za nchi kavu, kwa njia ya Tanzania au ya Rwanda, mpaka pwani ya Bahari ya Hindi, ikaingia katika nyaya za chini ya bahari, ikaenda hadi kwenye seva, yaani ile kompyuta kubwa inayoamua nani kapiga na nani kakosa, iliyoko katika nchi za mbali. Nuru ndani ya uzi wa kioo husafiri kiasi cha kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka hapa hadi Ulaya ya kati, kwa mstari ulionyooka, ni zaidi ya kilomita 6,000, na nyaya hazinyooki hivyo. Kwenda na kurudi, pamoja na kupita katika mitambo ya njiani, huweza kumaliza sehemu ya tano ya sekunde. Ni kufumba na kufumbua tu, lakini anayekaa mji mmoja na seva amekwisha kukupiga kabla hujamwona. Kwa hiyo sisi hujifunza kulenga si pale adui alipo, bali pale atakapokuwa. Na tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za chini ya bahari zilipokatika upande wa Afrika Kusini, nchi nyingi za Afrika Mashariki zikakosa intaneti au zikaipata kwa taabu. Usiku ule nilichukua ubao wa bao, nikacheza na baba mkwe.

Katika ubao ule iko tofauti kubwa ambayo wake wengi hawajaelezwa. Bao laweza kusimamishwa. Mtu akiitwa, hufunika kete kwa kitambaa akaenda, akirudi huzikuta zilivyokuwa. Mchezo wa mtandaoni wa watu wengi hauna kituo. Watu tisini na tisa hawawezi kuambiwa wasimame kisiwani kwa sababu mtoto wa mtu mmoja Buyenzi amemwaga maziwa. "Mchezo gani huo usiojua kungoja?" aliniuliza mama watoto, na swali lake lilikuwa la haki. Nilimjibu kwamba mchezo haungoji, lakini mchezaji aweza kupangiwa saa.

Tukapanga. Simu haiguswi mpaka watu wamekula na watoto wamefanya kazi za shule. Mchezo huanza saa mbili usiku. Raundi mbili, na siku ya kuamkia mapumziko raundi tatu. Kifurushi cha intaneti cha mchezo hakitolewi katika fedha ya sokoni, na mavazi ya kupamba askari wa ndani ya simu, ambayo ndiyo biashara yenyewe ya wenye mchezo huu wa bure, hayanunuliwi kabisa. Na likitokea jambo, nitaondoka. Wenzangu watatu niliwaeleza sharti hilo la mwisho nao wakalipokea vizuri kupita nilivyotazamia. Tangu siku ile mmoja wetu akitamka neno "nyumba," hatuulizi. Yeye huweka simu chini, na sisi tunaobaki tunamlinda askari wake pale alipochutama, hata kama twajua raundi imeharibika.

Kwa upande wa watoto, ningependa wazazi waelewe jambo moja. Shirika la Afya Duniani limeuingiza ugonjwa wa kucheza michezo ya kompyuta kupita kiasi katika orodha yake ya magonjwa, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2022. Lakini shirika halikusema kwamba kila mtoto apendaye mchezo ni mgonjwa. Dalili zake ni mtu kushindwa kujizuia, kuutanguliza mchezo mbele ya mambo mengine ya maisha, na kuendelea nao ingawa unamdhuru, na kwa kawaida hali hiyo iwe imeonekana kwa muda wa miezi kumi na miwili. Mzazi asiyejua haya humpiga mtoto kwa bure, au humwacha kwa bure. Binafsi naona ni afadhali kukaa kando yake nusu saa, hedifoni zikiwa zimechomolewa, ukasikia anazungumza na nani na anaambiwa nini. Wala asitoe jina lake, shule yake wala mtaa wake kwa asiowajua.

Nasema hivyo nikijua kwamba kanuni hiyo njema ndiyo iliyotusumbua baadaye.

Kikosi chetu kilikuwa hivi: mimi Bujumbura, kijana mmoja Goma, mashariki ya Kongo, dada mmoja Dar es Salaam, muuguzi wa zamu, na bwana mmoja wa makamo huko Muscat, Oman, ambaye wazee wake walitoka Unguja. Tulikutanishwa na mashine, kwa bahati tu, na tukabaki pamoja kwa sababu ya lugha. Katikati ya kelele za Kiarabu na Kirusi mtu alisikika akisema, "Nyuma ya ukuta, kushoto, yuko mmoja," tukashangaa wote wanne. Kiswahili chetu hakikufanana. Yule wa Goma alituita "ba grand," na bwana wa Muscat alimkemea kwa Kiunguja kilichonyooka kama mkeka mpya. Saa zetu nazo hazikufanana: saa mbili usiku ya Bujumbura na Goma ni saa tatu Dar es Salaam na saa nne Muscat. Kwa miaka minne kila mmoja wetu alijua kikohozi cha mwenzake. Nyuma ya sauti ya kijana wa Goma ilisikika cherehani ya mama yake, ya kukanyaga kwa miguu, nasi tulijua siku ambazo mama ana kazi nyingi. Majina yetu halisi hatukuambiana. Yalikuwepo majina ya mchezo, yakatosha.

Mwishoni mwa Januari 2025 mapigano yalifika Goma, na waasi wa M23 wakauingia mji. Umeme, maji na intaneti vilikatika katika sehemu kubwa ya mji. Jina la kijana wetu, ambalo kila usiku lilikuwa na nukta ya kijani kando yake, likawa na nukta ya kijivu. Februari Bukavu nao ukaingiwa, na makumi ya maelfu ya watu wakavuka mpaka na Mto Rusizi kuja kwetu; uwanja wa mpira wa Rugombo, huko Cibitoke, ukajaa wakimbizi. Akina mama wa mtaa wetu walikusanya nguo na sufuria za kupeleka. Mama watoto, ambaye kwa miaka yote alikuwa akiita mchezo wangu "ile kelele," alikuwa akifungasha mablanketi aliposimama akaniuliza, "Kijana wako wa Goma anaitwa nani, nimuulizie huko?"

Nilimwambia jina la mchezo. Akanitazama. Hakuna mwanamke awezaye kusimama katikati ya uwanja wenye maelfu ya watu akaita jina kama lile. Basi nikamweleza niliyoyajua: ana miaka ishirini na kitu, ni mwepesi wa kucheka, mama yake ni fundi cherehani, ana mdogo wake mwenye kifua. Naye aliyabeba hayo hadi Rugombo, akawauliza watu. Walikuwepo mafundi cherehani wengi.

Wako watakaosema kwamba huo haukuwa urafiki, kwa kuwa hatukupata kuonana. Iko habari ya kijana wa Norway, Mats Steen, aliyekuwa na ugonjwa wa kudhoofika misuli, akafariki mwaka 2014 akiwa na umri wa miaka 25. Wazazi wake walikuwa wakisikitika kwamba mtoto wao aliishi mpweke, mbele ya kompyuta, akicheza mchezo uitwao World of Warcraft. Walipotangaza kifo chake, zikawafikia barua za rambirambi kutoka kwa watu wasiowajua, na baadhi ya watu hao walisafiri kutoka nchi mbalimbali za Ulaya kuja kumzika. Ulipita muda mrefu kabla filamu ya maisha yake haijatolewa, mwaka 2024. Mama watoto niliyemsimulia habari hiyo aliuliza swali moja tu: waliijuaje anwani ya nyumba?

Tulicheza watatu majuma mengi. Mashine hutaka kumtia mgeni katika nafasi ya nne, na kuna kitufe cha kuikataza. Kila usiku, nikiweka simu chini, niliulizwa kutoka jikoni, "Bado?" nami nikajibu, "Bado."

Alionekana mwezi wa Aprili. Hakuingia mchezoni, aliandika tu kwamba wao wazima, kwamba simu aliiuza wakanunua unga, na kwamba ile aliyoishika ni ya binamu yake. Chini yake aliandika jina lake kamili na la mama yake. Dada wa Dar es Salaam akaandika lake, kisha bwana wa Muscat, kisha mimi. Majina hayo sitayachapisha hapa, lakini yamo katika daftari ambalo mama watoto huandikia namba za jamaa.

Siku hizi huja Jumapili, simu ya binamu inapokuwa na nafasi. Ni simu ya kioo kilichopasuka, nayo hushikwa na kigugumizi kila watu wanapokuwa wengi karibu yake. Jumapili iliyopita alianguka dakika ya ishirini, mahali pabaya, mbele ya dirisha la adui. Dada muuguzi akamwendea akapigwa, bwana wa Muscat akamwendea akapigwa, nami nikawaendea wote watatu. Tulimaliza wa kumi na saba.