Utajuaje kama watu wamepatana kweli?

Mkulima wa alizeti hapa Singida akitaka kujua kama mbegu mpya ni bora, hupanda ya zamani kando yake. Udongo uleule, mvua ileile, kisha analinganisha mavuno. Sasa jiulize: nchi iliyogawanyika ikiungana, utailinganisha na nini?

Kwa Ujerumani, iliyoungana tarehe 3 Oktoba 1990, Alberto Abadie na wenzake walitengeneza "shamba la pili" kwa hesabu. Walichanganya takwimu za Austria, Marekani, Japani, Uswisi na Uholanzi, wakapata Ujerumani Magharibi ya kubuni ambayo haikuungana na Mashariki. Kipato cha ile halisi kikaonekana kushuka chini ya cha ile ya kubuni. Hiyo ndiyo gharama ya kuungana.

Lakini hiyo ni pesa. Je, undugu unapimwaje?

Njoo Zanzibar. Chaguzi za 1995, 2000 na 2005 ziliwagawa watu kati ya CCM na CUF, mpaka huko Pemba wengine wakasusiana misiba. Novemba 2009 Rais Amani Karume na Maalim Seif Sharif Hamad wakakutana. Tarehe 31 Julai 2010, asilimia 66.4 ya wapigakura wakaikubali Serikali ya Umoja wa Kitaifa, na uchaguzi wa mwaka huo ukapita kwa amani.

Kazi imeisha, si ndiyo? Hapana, subiri kwanza. Watafiti wa jamii hupima mambo matatu:

1. Taasisi: nani kapewa wizara gani, na ana mamlaka kweli?
2. Mitazamo: dodoso lenye maswali yaleyale, linalorudiwa kila baada ya miaka kadhaa, kama wanavyofanya Afrobarometer. Shida ni kwamba mwenye hofu hujibu anachodhani unataka kusikia.
3. Matendo: nani ananunua dukani kwa nani, nani anaozesha kwa nani, nani anakwenda kuzika.

Hilo la tatu ndilo gumu kuigiza. Uchaguzi wa Oktoba 2015 ulipofutwa na CUF kususia marudio ya Machi 2016, zilirudi habari za watu wa Pemba kukataa kuuziana bidhaa. Kumbe kura ya 2010 ilionyesha kwamba watu wako tayari kupatana; haikuonyesha kwamba wameshapatana.

Desemba 2020 Maalim Seif alirudi serikalini, safari hii kupitia ACT-Wazalendo, na vichwa vya habari vikasema tena "wamepatana". Ukisikia hivyo, uliza: viongozi au majirani? Na nani amekwenda kutazama dukani na msibani?